Haikuwa Kosa la Filta

Mpiga picha mmoja wa Singida amefariki dunia, na Jumatano iliyopita tumemzika Mwankoko, kando ya shamba lake la alizeti. Wengi wenu mnaosoma safu hii hamkumjua, na hakuna gazeti lililomtaja, hata hili letu. Mimi nilipigiwa simu na mke wake. Alinisalimu kwanza, akauliza habari za watoto, akauliza kama mvua imeshaanza huku niliko, kisha kwa sauti ileile akasema, "Mwalimu, mzee wako ametuacha." Ualimu niliuacha zamani nikaingia kwenye kazi hii ya kuandika, lakini yule mama hajawahi kuniita kwa jina lingine, na mumewe alikuwa vivyo hivyo. Nilipanda basi la asubuhi. Njia nzima nilijaribu kumkumbuka alivyokuwa kabla ya upofu, nikaona ni kazi ngumu, kwa sababu miaka aliyoishi bila kuona imeizidi sana ile niliyomjua akiona. Ndipo nikaamua kuwasimulia habari za kipindi kimoja tu cha maisha yake, kile ambacho alitaka kubadilisha filta zake za kusafishia picha.

Nilimfahamu nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi pale mjini, kijana mgeni kutoka Kiomboi. Mwalimu mkuu alitaka picha yangu ya kuweka kwenye faili, nikaelekezwa kwenye studio iliyokuwa nyuma ya soko. Mbele kulikuwa na chumba chenye stuli, kioo cha kujitazamia, na pazia lililochorwa ziwa lenye maji ya buluu kuliko ziwa lolote la Singida. Nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, na humo ndimo alimosafishia picha. Mke wake alikaa mlangoni akipokea wateja. Aliwachana watoto nywele, akawafuta vumbi usoni, akawafunga vifungo vya shati, na kina mama waliokuja na binti zao walipenda kumkuta pale kwa kuwa aliwatengenezea mitandio bila wao kuguswa na mwanamume. Mzee alinikalisha kwenye stuli, akanitazama kwa muda, akasema, "Shusha mabega, Mwalimu. Hapa hakuna mwanafunzi." Nilicheka, naye akapiga palepale. Katika mafaili yote ya walimu, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nacheka, na mwalimu mkuu hakupendezwa.

Picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, na zilikuwa nzuri. Sisemi hivi kwa sababu amekufa. Ingia katika nyumba za watu wazima kuanzia Mwankoko hadi Ikungi, utazikuta ukutani mpaka leo: bwana harusi aliyeazima koti, mzee aliyelaza fimbo magotini, mama na mapacha wake. Unaona mikunjo ya khanga, unaona mishipa ya mkono, na unaona kwamba mtu yule siku ile hakuwa akimwogopa aliyekuwa nyuma ya kamera. Siku moja ya mvua, wateja wakiwa haba, alinieleza namna anavyofanya. Negativu, yaani mikanda iliyokwisha pigwa picha, hazifanani, alisema. Nyingine imefifia, ukiisafisha hivihivi picha inatoka kama imefunikwa na ukungu. Nyingine ni kali mno, uso unatoka mweusi usioonekana macho wala pua, na shati jeupe linang'aa kama taa. Hapo ndipo filta zinapofanya kazi. Ni vipande vyembamba vya plastiki yenye rangi, unaviweka chini ya taa ya mashine ya kukuzia picha ili mwanga upite humo kabla ya kuigusa karatasi. Za manjano zinailainisha picha, za rangi ya waridi zinaikoleza, na mwenye kazi anachagua ipi itamtendea haki aliyepigwa. Zake alipewa na Mhindi aliyemfundisha kazi huko Dodoma, siku Mhindi yule alipofunga studio na kuondoka nchini. Alizitunza kwenye kopo la majani ya chai, zimefungwa kwa kitambaa. Alijua kwamba hazidumu milele, kwamba joto la taa na miaka vinazipausha, hasa zile za waridi, kama khanga inavyopauka kwa kufuliwa.

Miaka ile hakuna aliyewaza kuzibadilisha. Tulikuwa tukipanga foleni ya sukari na sabuni, nani angeagiza filta za mpiga picha wa Singida? Hata karatasi ilipopatikana aliikata vipande vidogo, akasafisha picha za familia nzima kwa ukubwa wa kiganja, na watu wakashukuru. Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Vijana wanaonisoma leo hawawezi kuelewa ilivyokuwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa ghafla: mafuta ya kujipaka yenye harufu, redio za kaseti, vitenge, betri, biskuti zenye majina tusiyoweza kuyatamka. Mitumba ikamwagwa sokoni kwa mafungu. Na pale stendi akatokea kijana mwenye kamera ya rangi. Hakuwa na studio wala chumba cha giza. Alipiga picha, akaupeleka mkanda Dodoma kwa basi, na baada ya siku kadhaa picha zikarudi na rangi zote, nyekundu ya gauni na kijani ya majani. Watu walisimama barabarani kuzitazama. Mzee hakumchukia yule kijana. Alikuwa ameanza kuweka akiba anunue kamera kama ile, na mkewe alimhimiza kila siku. Lakini ghafla akabadili mipango. Akasema akiba ile itanunua kwanza filta mpya.

Nilikuwepo siku alipolisema. Nilikuwa nimepita jioni kuwasalimu, akaniita kwenye mwanga wa mlangoni na kunipa picha ya binti aliyevaa gauni la kipaimara. "Itazame hii," akasema. "Filta zangu zimekufa. Naweka ile kali kuliko zote na bado picha ni ukungu mtupu."

Niliitazama. "Mimi naiona nyeusi, Mzee. Uso wa huyu binti hauonekani vizuri."

Alicheka, akanipiga begani. "Wewe fundisha hesabu. Picha niachie mimi." Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba likizo ile nitakwenda Dar es Salaam kwenye mafunzo ya walimu. Nilipokubali, alinieleza filta anazozitaka, zinatengenezwa wapi, boksi lake likoje, na namna ya kuzishika bila kuziachia alama za vidole. Alikuwa na furaha. Alisema kwamba mtu anaweza kukaa miaka yote akifanya kazi na kifaa kilichochoka mpaka akasahau kazi yenyewe ilikuwa nzuri kiasi gani, na kwamba sasa, Mungu akipenda, watu wataona. Mkewe alikuwa akifagia chumba cha mbele. Aliendelea kufagia palepale alipokwisha fagia.

Kesho yake wakati wa mapumziko mkewe alikuja shuleni. Sikuwahi kumwona akiiacha studio mchana wa siku ya kazi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniomba tusogee mbali na madarasa, tukasimama karibu na majabali yaliyo nyuma ya shule ambako watoto hawakuruhusiwa kucheza.

"Mwalimu," akasema, "ukifika Dar usizinunue zile filta. Urudi umwambie hazipo."

Nilimuuliza kwa nini.

"Filta hazina tatizo kubwa. Zimepauka kidogo, lakini picha zinatoka. Ni macho yake." Akasema hivyo akiangalia pembeni, kama mtu anayetaja jambo la aibu. Kisha yakamtoka yote. Mumewe alikuwa akijigonga kwenye meza upande wa kushoto, meza ambayo haijahamishwa tangu wafungue studio. Alikuwa amemwaga dawa ya kusafishia picha mara nyingi, na kila mara alisema sakafu ina mteremko. Njiani hakuwaona watu waliopita kando yake, na watu wakaanza kusema ameota kiburi. Ndani ya chumba cha giza aliona kila picha imefifia, akaweka filta kali, akaongeza mwanga, na nyuso za watu zikatoka kama mkaa. Wateja hawakumwambia kitu. Walimheshimu. Walizipokea picha kwa mikono miwili, wakashukuru, na safari iliyofuata wakaenda kwa kijana wa stendi. Yeye mkewe, mzee akienda kula mchana, aliingia ndani na kuzisafisha upya zile alizowahi kuziokoa, kwa filta laini. Mteja akija mapema aliambiwa picha hazijakauka.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Nitamwambiaje? Mtu anaishi kwa macho yake. Nimwambie yamekwisha, nimpe nini badala yake?"

Nilifikiri kuhusu kile alichoniomba. Nikamwambia, "Mama, zamani ningerudi nikasema hakuna, naye angeamini hata kabla sijamaliza kusema. Siku hizi kila kitu kipo. Nikisema hazipo atapanda basi mwenyewe." Nikamwambia pia kwamba lililo jema ni kumpeleka kwa daktari. Akasema maneno fulani kwa Kinyaturu, si kwangu bali kwake mwenyewe. Mimi Mnyiramba niliokota machache tu, kwamba mtu mzima hasemwi. Kengele ikalia, akaniaga, akashuka taratibu kuelekea sokoni.

Siku ya safari nilimkuta yule mama stendi kabla ya basi kuwasha. Alikuwa amenibebea viazi vitamu vilivyochemshwa, vingali vya moto. Alinipa, kisha akashika nguzo ya mlango wa basi.

"Zinunue," akasema. "Zilezile alizokuelekeza."

Nilimuuliza kama amebadili mawazo.

"Sikulala nikiwaza. Ukirudi mikono mitupu, atazilaumu filta mpaka macho yaishe kabisa. Zikija mpya hatakuwa na kitu cha kulaumu. Ataona mwenyewe, na mimi nitakuwa pembeni yake." Kisha akatoa mkono kwenye nguzo. "Usimwambie kwamba nilikuja."

Nilikuwa nimejiandaa kuhangaika jijini, kwa kuwa mtu wa rika langu alizoea kuzunguka mji mzima kutafuta kitu kimoja. Haikuwa hivyo. Duka la kwanza nililoingia, muuzaji alinitolea boksi bila hata kuinuka vizuri kwenye kiti, akauliza kama nahitaji na karatasi. Nakumbuka nilisimama pale mlangoni na boksi mkononi, nikihisi nimedhulumiwa. Miaka yote ile ambayo mzee angeweza kuvitumia, macho yake yakiwa mazima na mikono yake ikiwa imara, vipande hivi vya plastiki havikupatikana kwa dua wala kwa kujuana. Sasa vilikuwa kwenye rafu, karibu na vibiriti, na nilikuwa nampelekea mtu ambaye visingemfaa.

Niliporudi alinipokea kama mwanawe. Hakusubiri. Alifunga mlango wa mbele ingawa ilikuwa asubuhi ya siku ya soko, akaniita niingie nao chumba cha giza nione. Tulikuwa watatu, yeye, mkewe na mimi niliyesimama nimeegemea ukuta nisije nikagusa kitu. Taa nyekundu ikawashwa. Alichagua negativu aliyoijua kuliko zote, ya mama mmoja wa Ikungi aliyeshika ungo wa mtama na kutabasamu. Picha ya mama huyo aliisafisha zamani sana, wakati filta za Mhindi zilipokuwa bado zina rangi yake, na tangu siku ile ilikuwa kwenye kioo cha mbele kuwaonyesha wateja kazi yake. Alisema atasafisha nyingine kwa filta mpya na kuziweka pamoja. Niliona anavyoitafuta mashine kwa kiganja kabla ya kuishika. Nilimwona mkewe akisogeza sinia la dawa kidogo, kimyakimya, likae mahali ambapo mkono wa mumewe ungefika. Karatasi ikaingia kwenye dawa, na baada ya muda uso wa yule mama ukaanza kutokea, kwanza macho, kisha meno, kisha ukingo wa ungo. Mzee aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa dawa.

Tulitoka uani kwenye jua. Mkewe aliitoa ile picha ya zamani kwenye kioo, wakaziweka zote mbili juu ya debe lililogeuzwa, ya zamani kavu na mpya ikiwa bado inachuruzika maji. Mzee alizitazama. Akaziinua moja baada ya nyingine, akazisogeza karibu, akazipeleka mbali. Akageuza mgongo kulipa jua nafasi, akazitazama tena.

"Hii ya zamani," akamuuliza mkewe, "wewe unaionaje?"

"Ni ileile. Haijabadilika."

"Na hii mpya?"

"Nzuri. Nyeusi yake imekolea, na uso unaonekana."

"Haina ukungu?"

"Haina."

"Hata ya zamani haina?"

"Hata ya zamani."

Aliziweka chini zote mbili kwa uangalifu, pembe kwa pembe. Sauti za soko zilikuwa zikitufikia, mtu akitangaza bei ya kuku. "Mimi naona ukungu kwenye zote mbili," akasema. Kisha akaongeza, "Basi si filta."

"Si filta," mkewe akajibu, na akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama alivyomwita siku zote wakiwa nyumbani, si mbele ya watu.

Mzee aliketi juu ya jiwe la kufulia. Mkewe aliketi pembeni yake, mabega yao yakigusana, na mimi nikaona heri niondoke. Nilipogeuka nilimwona anaupapasa uso wa mkewe kwa ncha za vidole, kama fundi anayekagua kama ukuta umekauka.

Walikwenda hospitali ya misheni iliyo mbali kidogo, wakasubiri kwa muda mrefu kati ya watu wenye macho yaliyofungwa bandeji. Daktari alisema ni presha ya macho. Mama alinisimulia baadaye kwamba alikuwa kijana mpole, na kwamba maneno yake yaliumiza zaidi kwa upole huo. Alisema kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kingeweza kulindwa kwa dawa ya matone, kama dawa ingetumika kila siku na kama Mungu angejalia. Akasema ugonjwa huu unakuja bila maumivu, unakula pembeni kwanza, na mtu mwenyewe ndiye wa mwisho kutambua, hivyo ni muhimu walio karibu naye wakiona dalili wamlete mapema. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Nyumbani hakuna aliyeona?"

Swali lile nimeishi nalo, na nimeliona likiulizwa mahali pengi ambapo hakuna macho yanayougua. Tulioishi kipindi kile cha ruksa tulikuwa na njaa ya vitu kwa muda mrefu sana, na vitu vilipokuja tulijenga imani kwamba kila kinachotusumbua kina dawa yake dukani. Shamba lisipozaa ni mbegu za zamani. Mtoto asipofaulu ni kitabu kilichochakaa. Ndoa ikipoa ni kwa sababu hatuna sofa. Mara nyingi ilikuwa kweli. Filta za mzee zilikuwa zimepauka kweli, na zile mpya zilikuwa bora. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuamini. Lakini nadhani duka lilitusaidia pia kukwepa jambo ambalo sisi watu wa bara tunaliona gumu kuliko foleni yoyote, nalo ni kumwambia mtu tunayemheshimu kwamba tumeona anachopoteza. Tunafundishwa kuamkia wakubwa kabla hatujajua kuhesabu. Tunajua kupisha njia, kupokea kwa mikono miwili, kutomkatiza mtu mzima anapozungumza. Yote hayo ni mazuri na sitaki yaishe. Lakini mji mzima ulimheshimu yule bwana kwa namna hiyo. Kila aliyepokea picha yenye uso wa mkaa akasema asante, alikuwa na adabu. Kila aliyempisha asimgonge akakaa kimya, alikuwa na adabu. Kwa adabu hiyo yote, dawa ya matone ilimfikia kikiwa kimebaki kidogo sana cha kulinda.

Kilichobaki kilidumu miaka michache, kisha nacho kikaisha. Studio haikufa siku ile. Mama aliingia chumba cha giza, akafanya kazi kwa zile filta mpya, na mzee akahamia chumba cha mbele. Aliwakalisha wateja kwenye stuli, akawatambua kwa salamu zao, akawatania mpaka mabega yakashuka, kisha akamwambia mkewe, "Piga." Walioondoka walianza kurudi mmojammoja. Baadhi ya picha nzuri zilizo ukutani kule Ikungi ni za miaka hiyo, ingawa wenye nyumba watakuambia ni za mzee, na mama hajali. Baadaye mashine ya picha za rangi ilikuja mjini kwenyewe, mtu akiacha mkanda asubuhi anachukua picha jioni, na hapo hapakuwa na namna. Jengo lile sasa wanauza vifaa vya simu.

Nilipokuwa nao msibani niliuliza walifikiaje uamuzi wa kufunga studio, kwa sababu nilimjua mzee kuwa mtu asiyekubali kushindwa. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na wifi zake, amechoka, sauti imekauka kwa kuitikia pole. Alisema ilikuwa rahisi. Akanisimulia kitu ambacho sikuwa nakijua. Siku walipotoka kwa daktari, wakiwa ndani ya basi, mumewe alimuuliza alijua tangu lini. Angeweza kupunguza, alisema, lakini akamjibu ukweli, kwamba alianza kuona tangu mavuno ya mwaka uliotangulia. Basi likapita vijiji kadhaa. Mama alikuwa ameshajiandaa kwa lawama, na alikuwa tayari kuzipokea. Lakini alichosema mzee ni hiki: "Usinihurumie hivyo tena. Ukiona jambo, niambie siku hiyohiyo." Na tangu hapo wakaishi hivyo. Alimwambia shati lake lilipokuwa na doa. Alimwambia alipomjibu mgeni kwa ukali. Alimwambia, jioni moja wakihesabu watu waliokuja, kwamba wateja wamekwisha na hawatarudi, na mzee akasema, "Haya, tufunge," wakafunga, wakaenda kulima alizeti.

Halafu akanieleza ya mwaka huu. Mzee alianza kuumwa tumbo baada ya Pasaka. Watoto wao, ambao wote wako mijini, walimpeleka hospitali kubwa, na majibu yalipotoka madaktari waliwaita watoto pembeni. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekwenda mbali. Watoto wakakubaliana kwamba baba asiambiwe. Ataambiwa ni vidonda vya tumbo, atapewa dawa za maumivu, arudi nyumbani apumzike kwa amani. Walimpigia mama simu wakamsihi, mkubwa wao akilia. "Mama, usimwambie. Atakata tamaa."

"Niliwasikiliza," mama akasema. "Wana huruma, nimewalea mwenyewe. Nikawaambia, baba yenu nilimficha mara moja tu, na sitarudia."

Alimwambia jioni ileile aliporudishwa Mwankoko, wakiwa wawili, baada ya uji. Mzee aliuliza kama ni hakika, akajibiwa ni hakika. Akaomba apewe maji. Baada ya hapo alikuwa na wiki kadhaa, na alizitumia. Alimwita ndugu yake ambaye hawakuwa wakisemeshana kwa sababu ya mpaka wa shamba, wakazungumza, wakala pamoja. Alimtafuta yule kijana wa stendi, ambaye sasa naye ni mtu mzima mwenye mvi, akamwambia kwamba kamera yake ya rangi ilikuwa nzuri na kwamba alikusudia kumwambia hivyo zamani. Aliwaaga watoto wake mmoja baada ya mwingine, kila mmoja peke yake, na yule mkubwa aliyesihi kwamba baba afichwe ndiye aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Alichagua mahali pa kuzikwa. Alifariki asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, akijua anakwenda wapi na nani anabaki.

Nimeandika kuhusu vifo vingi katika safu hii, na mara nyingi nimejitahidi kutafuta la kuwafariji waliobaki. Leo sina faraja ya kuwapa, nina ombi. Kama yupo mtu unayempenda, na umeona kwa jicho lako kitu ambacho yeye hajakiona, iwe ni afya yake, kazi yake au namna anavyowatendea watoto wake, usingoje mpaka afikie mwisho wa visingizio. Mketishe, muamkie kama ni mkubwa wako, kisha mwambie. Itakuuma, na yeye itamuuma zaidi. Lakini kaa pembeni yake wakati inamuuma.